Edmund hakumfaa Fanny, na ubinamu si hoja

BintiLangoni (Amu)

Assalamu alaikum wapenzi wa riwaya. Nimeirudia Mansfield Park ya Jane Austen, na kama kila nikiirudia, nimefika ukurasa wa mwisho nikiwa nimemkasirikia bwana harusi. Nataka tulijadili hili kwa marefu, maana naona wasomaji wengi humsamehe haraka mno. Edmund Bertram hakumfaa Fanny Price.

Kwa ambaye hajaisoma: kitabu kilitoka mwaka 1814. Kuna dada watatu. Mmoja aliolewa na tajiri, Sir Thomas Bertram, mwenye jumba la Mansfield Park. Mwingine aliolewa na kasisi Norris. Wa tatu akaolewa na askari wa majini asiye na mali huko Portsmouth, akazaa mpaka nyumba ikawa ndogo. Fanny ni binti wa huyu wa tatu. Alipokuwa na miaka 10 akapelekwa jumbani kwa khalati yake, akalelewa pamoja na Tom, Edmund, Maria na Julia. Walimlisha na kumvika, lakini hakuna siku iliyopita bila kukumbushwa kwamba si sawa na wenziwe. Khalati Norris ndiye aliyejipa kazi hiyo, na aliifanya kwa bidii.

Wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani siku hizi husita kwa kuwa Edmund na Fanny ni watoto wa dada wawili. Sisi hapa hatuna haja ya kulijibu hilo. Harusi ngapi za mitaani kwetu ni za mtoto wa ami kwa mtoto wa ami, au wa khalati kwa wa khalati? Na hata huko kwao enzi hizo halikuwa jambo la aibu. Henry, nduguye Austen mwenyewe, alimuoa binamu yao Eliza mwaka 1797. Malkia Victoria naye alimuoa binamu yake Albert mwaka 1840. Kwa hiyo tuuweke ubinamu kando. Langu ni kwamba mtu amuoe binamu yake kwa kumtaka, asimuoe kwa kuwa ndiye aliyebaki.

Tazameni mambo ya farasi. Farasi mdogo wa Fanny alipokufa, Edmund alibadilisha mmoja wa farasi zake watatu ili Fanny apate jike la kupanda, kwa sababu mwili wa Fanny ni dhaifu na kupanda farasi ndiyo afya yake. Wema huo siukatai. Akaja Mary Crawford, mgeni mzuri mwenye macho meusi na ulimi mtamu, akataka kujifunza kupanda. Edmund akampa farasi yule yule. Asubuhi nne mfululizo Mary yuko juu ya farasi, na Fanny yuko nyumbani kwa khalati zake, anakata mawaridi juani, anatumwa kwa miguu nyumbani kwa Bi Norris, anarudi, anatumwa tena. Jioni kichwa kinamuuma yuko kochini, ndipo Edmund anaona. Anajilaumu, anampa divai anywe apate nguvu. Lakini swali langu ni kwa nini kichwa kiume kwanza ndipo aonekane.

Halafu ule mkufu. William, kaka yake Fanny aliye baharini, alimletea msalaba wa kaharabu kutoka Sicily, na hana mkufu wa kuutundika. Mary akampa mkufu wake, kumbe asili yake umetoka kwa Henry Crawford, nduguye Mary, ambaye Fanny hamwamini. Edmund naye akamnunulia cheni nyepesi ya dhahabu, ndiyo inayopita vizuri kwenye kitundu cha msalaba. Fanny anajua moyo wake unataka upi. Edmund anamwambiaje? Anamwomba avae wa Mary kwenye dansi, asije akamuudhi Mary. Katika mazungumzo hayo hayo anasema hataki kuona hata kivuli cha ubaridi kati ya watu wawili anaowapenda zaidi duniani. Anamwambia hivyo Fanny mwenyewe, usoni, na hajui amemchoma.

Na mchezo wa kuigiza! Vijana waliamua kuigiza Lovers' Vows baba yao akiwa safarini. Edmund alipinga kwa hoja nzuri sana, kisha akakubali kucheza, kwa kuwa Mary angecheza sehemu ya mapenzi na mwanamume mwingine kama yeye angekataa. Edmund na Mary wakaja mmoja mmoja chumbani kwa Fanny, kila mmoja akimtaka amsikilize akijizoeza. Walipokutana humo, wakajizoeza pamoja mbele yake, na Fanny kashika kitabu awakumbushe maneno. Mimi ukurasa huo husoma nikisimama simama. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza.

Chumba hicho chenyewe kilikuwa hakiwashwi moto. Bi Norris alikataza. Edmund ameingia humo mara nyingi. Aliyekuja kugundua kwamba mtoto anakaa kwenye baridi, na theluji iko nje, ni Sir Thomas, mjomba anayeogopwa, alipoingia kwa shughuli nyingine kabisa. Siku hiyo hiyo akaamuru moto uwashwe kila siku.

Nikifika mwisho ndiyo nachoka. Mary anaonyesha tabia yake, Edmund anavunjika moyo, kisha Austen anatuambia kwa makusudi hatataja ilichukua muda gani, kila mtu ajikadirie mwenyewe, mpaka Edmund akaacha kumwaza Mary akamtaka Fanny. Mapenzi ambayo Fanny aliyabeba tangu utotoni yanajibiwa kwa aya chache. Anasema Edmund alibaki na kujifunza kupendelea macho laini badala ya yale meusi yanayong'aa. Bwana harusi anayehitaji kujifunza! Semeni wenzangu.


MpenziWaVitabu, Malindi

Dada, nakubaliana nawe nusu. Edmund hamfai, lakini hukusema nani anamfaa. Mimi nasema Henry Crawford. Huyu angalau alimuona. Alianza kwa mchezo mbaya, ndiyo, alitaka tu kumtia Fanny mapenzi kidogo kisha aende zake. Lakini akaja kunasa mwenyewe. Alimtafutia William cheo cha luteni kupitia ami yake admirali. Alimfuata Fanny mpaka Portsmouth, kwenye nyumba yenye makelele na meza chafu, akatembea na baba yake mlevi bila ya kukunja uso. Edmund hakumzuru huko Portsmouth hata siku moja mpaka yalipomfika yake.

Na mwandishi mwenyewe anasema waziwazi: Henry angeshikilia njia njema, Fanny angekuwa wake, na kwa hiari yake, Edmund akishamuoa Mary. Inasimuliwa pia katika ukoo wa Austen kwamba dadake Cassandra alimsihi abadilishe mwisho, Fanny aolewe na Henry. Jane akakataa. Mimi niko upande wa Cassandra.


AmiMkomani

Waalaikum salaam. Nimesoma yote, na nimefurahi kuona vijana wetu wanagombania kitabu badala ya mpira.

Kwanza, hili la kulelewa pamoja. Bi Norris mwanzoni kabisa mwa kitabu anamtuliza Sir Thomas, kwamba watoto wakikua kama kaka na dada hawatatamaniana. Sheria yetu haizuii kwa kula sahani moja, inazuia kwa kunyonya ziwa moja. Fanny alikuja ana miaka 10. Hapana udugu wa ziwa hapo. Bi Norris alikosea hesabu, na mwenye kumjua mwanadamu angejua mapema kwamba mtoto mpweke humpenda yule aliyemfuta machozi.

Hapo ndipo nataka uniruhusu nikupinge, mwanangu. Wewe umeanzia kwenye farasi. Mimi naanzia kwenye ngazi. Fanny ana wiki moja jumbani, amekaa kwenye ngazi za juu analia. Jumba zima lina watu, lina watumishi. Nani aliyemkuta? Kijana wa miaka 16. Akaketi naye, akamuuliza mpaka akajua kwamba mtoto anamlilia kaka yake William na hana karatasi ya kumwandikia. Akamtafutia karatasi, akampigia mistari, akachonga kalamu, akamkalia mpaka barua ikaisha, kisha akaandika salamu zake mwenyewe kwa mkono wake na kutia nusu gini chini ya lakiri kwa ajili ya William. Kijana wa miaka 16! Umri huo wengi wetu tulikuwa tukimfukuza mdogo wetu barazani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sijaona mhusika mwingine kitabuni aliyemfaa Fanny kwenye dhiki asiyekuwa na haja yake mwenyewe. Cheo alichokitafuta Henry kilikuwa na bei, na papo hapo alipoleta habari yake akaidai.

Kuhusu huyo Henry, mwanangu wa Malindi, mtu aliyeshindwa kungoja wiki chache bila ya kwenda kumharibia ndoa Maria, mke wa mtu, tena binamu ya huyo huyo anayemposa, si wa kukabidhiwa binti.


BintiLangoni

Ami, shikamoo. Ile ngazi naipenda kuliko chochote katika kitabu hiki, na ndiyo inayoniumiza. Kama Edmund angekuwa mtu mbovu nisingeandika uzi. Alimpa Fanny moyo wa kusoma, akamchagulia vitabu, akaijenga akili yake. Kisha akamgeuza sikio la kusikilizia mapenzi yake kwa mwanamke mwingine. Akiwa Portsmouth, mpweke, akihesabu siku, anapata barua ndefu ya Edmund. Ndani yake anamwambia hawezi kumwacha Mary, ndiye mwanamke pekee duniani ambaye angeweza kumfikiria kuwa mkewe. Na walipokutana baada ya fedheha ya Maria, alimkumbatia akamwita dada yake pekee, faraja yake pekee. Mtu anayeitwa dada kwa miaka minane na zaidi ataanza lini kuwa mke? Mwandishi ameacha tarehe wazi, na mimi kila nikiijaza naona haijai.

MpenziWaVitabu, Henry sikubali. Ami amemaliza.


MwalimuWaMalindi

Ningependa tusogee kidogo. Wote mmemsema Edmund kama mpenzi. Mimi namtazama kama shahidi wa ridhaa ya binti, na hapo ndipo naona kosa lake kubwa, kubwa kuliko la farasi.

Henry alipomposa Fanny, Fanny alikataa. Sir Thomas akapanda chumbani, akamwambia ni mkaidi, mwenye kujiona, asiye na shukrani. Binti wa miaka 18 analelewa kwa hisani, anasimama mbele ya mwenye nyumba na kusema hapana, na hawezi kueleza sababu, maana sababu yenyewe ingewaaibisha binamu zake, na nyingine ni Edmund. Mimi katika riwaya zote za wakati huo nilizosoma sijaona ujasiri wa kimya kama huo.

Kwetu tunajua kwamba kimya cha mwanamwali huchukuliwa kuwa ni ridhaa. Lakini akitamka kukataa, basi neno lake ndilo linalosimama. Fanny ni mtu ambaye kimya chake kilitafsiriwa na kila mtu kwa faida yake. Walipojizoeza mchezo mbele yake, walidhani kimya chake ni ndiyo. Walipochukua farasi wake, hivyo hivyo. Safari hii alitamka. Na Edmund, mtu aliyemjua kuliko wote, alikuja kumwambia alifanya vizuri kukataa asichokipenda, kisha hapo hapo akamsihi amwache Henry afanikiwe hatimaye, athibitishe kwamba ana shukrani na moyo mwororo. Alizungumza kama wakili wa mposaji, kwa sababu ndoa ya Henry na Fanny ingemsogeza yeye karibu na Mary. Sidhani alijua hivyo moyoni mwake, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikiwafundisha wanafunzi wangu Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama wa pwani hii hii akimwusia bintiye Mwana Hashima, huwaonyesha zile radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Mume anakuja wa tano, na uzito wake ni mkubwa kweli kweli. Ndiyo maana binti ana haki ya kumkataa kabla, kwa kuwa baada ya ndoa atadaiwa mengi. Fanny alilielewa hilo bila ya kufundishwa na Mwana Kupona. Alikataa mlangoni. Edmund aliyesomea ukasisi hakulielewa.


BintiLangoni

Mwalimu, umesema nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa nahesabu vitu alivyonyang'anywa Fanny na sikufikia kwenye neno lake. Sasa naona farasi na mkufu ni mambo madogo kando ya hilo.


KijanaWaHistoria

Niruhusuni niingize jambo ambalo hamjaligusa. Mali ya jumba lile inatoka wapi? Sir Thomas ana shamba Antigua, kisiwa cha miwa, na ndiko alikosafiri walipokuwa wanaigiza. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini watumwa wa mashambani walibaki watumwa mpaka sheria ya 1833 ilipoanza kazi. Sisi wa pwani hatuwezi kulisoma hilo kwa wepesi, kwa kuwa huku kwetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na babu zetu wengine wamezikwa bila ya jina la ukoo.

Sasa, Fanny ndiye pekee kitabuni aliyemuuliza Sir Thomas juu ya biashara ya watumwa. Aliuliza usiku, mbele ya wote, na binamu zake wakanyamaza kimya kizito. Tunalijua hilo kwa sababu Edmund na Fanny walilizungumza baadaye, na Edmund akasema alilisikia swali na alitumaini Fanny angeendelea kuuliza. Kwa hoja yenu: katika chumba kilichojaa watu, mmoja aliuliza na mmoja alisikia. Hilo si ushahidi kwamba wanafaana?


BintiLangoni

Ndugu yangu, swali zuri sana, na limenifanya nirudi kwenye sura hiyo kuisoma upya. Edmund alisikia, ni kweli. Lakini tazama alichosema kinachofuata: kwamba baba yake angefurahi kuulizwa zaidi. Anaongea juu ya kumfurahisha mzee. Fanny anaongea juu ya watu. Na jibu la Fanny ni kwamba hakutaka kuonekana anajipendekeza kwa mjomba kwa gharama ya binti zake waliokaa kimya. Yuko mbali mbele ya Edmund hapo, na Edmund anamjibu kwa kurudia alichosema Mary juu yake. Anasikia sauti, hasikii kilichomo. Ndivyo alivyo kitabu kizima.


MpenziWaVitabu, Malindi

Sawa, nimemwachilia Henry, Ami kanishinda kwa Maria. Lakini dada, tukimkataa Edmund, na Henry tumemkataa, Fanny unampeleka wapi? Umrudishe Portsmouth kwa mama yake asiyejua hata kijakazi wake kafanya nini?


BintiLangoni

Ningempeleka kwa William. Na silitoi kichwani. Austen ameliandika: njiani kwenda Portsmouth, kaka na dada wanapanga kijumba watakachokaa pamoja William akishapata pesa za baharini, wazeekee humo. Fanny kila akizungumza na William ana furaha ya wazi, anacheka, anauliza, hajifichi. Ndiye mtu pekee ambaye hampimi. Kama mwandishi angetuachia Fanny humo, na Edmund aje kumposa baada ya miaka mitatu, kwa miguu yake, akiwa amemkosa nyumbani na ameelewa alichokosa, ningemkubali. Ningemshangilia. Kilichoniudhi ni kwamba Fanny alikuwa pale pale jumbani, ndani ya mkono, na Edmund hakuhitaji hata kutoka nje kumtafuta.


AmiMkomani

Mwanangu, hapo umesema kweli moja na umesahau nyingine. Kweli ni kwamba Edmund hakuhangaika. Posa isiyokuwa na safari haina uzito, hata kama safari ni ya kutoka Mkomani hadi Langoni. Ningependa naye apande ngazi moja akiwa na moyo mkononi asijue atajibiwaje.

Ulichosahau ni William mwenyewe. Ni baharia, tena wa manowari, wakati Uingereza inapigana na Napoleon. Sisi watu wa Amu tunajua nyumba ya baharia. Fanny angekaa humo peke yake miezi na miezi akingoja barua, kama alivyokuwa akingoja tangu ana miaka 10. Edmund yuko parokia ya Thornton Lacey, kisha ya Mansfield, kila siku anarudi kula chakula cha jioni. Kwa binti aliyeishi maisha yake yote akingoja watu wawe na nafasi naye, mume anayerudi nyumbani kila jioni si kitu kidogo.

Na kuhusu sikio: wanaume wa namna ya Edmund nimewaona, wazito wa kujua moyo wao, lakini wakishajua hawaendi tena. Mary alimzuga kwa sababu alikuwa mpya. Fanny alikuwa amekwisha kuwa sehemu ya fikira zake, hata hakuweza kumuona kama mtu wa pili. Mimi nabaki na Edmund, kwa sharti la Mwalimu: aombe radhi kwa lile la Henry, kwa maneno yake mwenyewe. Kitabuni sikuiona akiiomba.


MwalimuWaMalindi

Haimo, Ami. Nimeitafuta sura ya mwisho yote. Anajuta kudanganyika na Mary, na anamtegemea Fanny amfariji kwa hilo. La Henry halitajwi.


BintiLangoni

Basi Ami, mimi na wewe tunatofautiana kwa radhi moja tu. Wewe unamwoza kwa kutumaini ataiomba, mimi simwozi mpaka niisikie. Wiki ijayo naanza Persuasion, ambamo mwanamume anaandika barua yake mwenyewe. Anayetaka tusome pamoja ajiandikishe hapa chini.